Vidole Vinne vya Kukua

Jumapili, 8 Februari

Mwalimu wetu wa Kiswahili alisema anayetaka kuandika vizuri aandike kila siku, hata mstari mmoja. Nimekuwa nikiahirisha tangu likizo ianze. Leo sina kisingizio, kwa sababu Dada amerudi.

Amemaliza chuo cha biashara. Alifika na sanduku na boksi la vitabu, na Mama akamkumbatia pale mlangoni mpaka Shangazi akasema, "Wifi, mwachie apumue. Hajaja kwa saa moja."

Hata uso hajanawa, Mama akampeleka dukani. Duka letu liko barabara kuu, mlango wa tatu kutoka benki, na tunashona sare za shule. Mama anapima na kushona pamoja na washonaji wawili. Shangazi, dada yake Baba, anakata vitambaa. Baba yuko mgodini, huja mwisho wa mwaka tu.

Mama alisimama katikati ya duka akamwambia Dada, "Sasa hili ni lako na langu." Dada alilia. Na mimi nililia kidogo. Ninachoomba ni wakae hivihivi, wao wawili chini ya paa moja, mpaka nami nimalize shule nije niwakute.

Jumatano, 11 Februari

Dada ameshinda dukani akiuliza maswali. Mengine hata mimi ningemjibu, maana nimekua humo.

Kila sketi na kila suruali anayoshona Mama ina kitambaa cha vidole vinne kimekunjwa ndani ya pindo. Mama anaviita vidole vya kukua. Mtoto akirefuka anarudi, anasimama juu ya kigoda, Mama anafumua na kushusha pindo bure. Hilo ndilo neno lake kwa wazazi: nguo ikifupika, irudi. Sare zetu ni ghali kuliko zote mjini. Kibao tulichonacho ni kidogo na rangi imebanduka. Watu huambiana tu.

"Mama, unajua ni wazazi wangapi wanapita hapo nje wanaogopa kuingia?" Dada aliuliza.

"Wanaogopa nini? Mimi siumi."

"Bei yako inauma."

Shangazi alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Mama naye alicheka, lakini baadaye nikamwona anatazama barabarani, kwa wale wanaopita.

Jumamosi, 14 Februari

Dada ametueleza mpango wake mezani baada ya chakula cha mchana. Mwaka wa shule unafunguliwa mwezi ujao. Tushushe bei iwe nusu. Tushone nyingi kwa saizi za kawaida, tuziuze kwenye vibanda viwili, kimoja sokoni na kimoja stendi. Tukodi gari la matangazo. Tutauza mara tatu ya mwaka jana, faida itatoka kwenye wingi. Alichora yote kwenye karatasi bila kusita. Nadhani alikuwa amelala na mpango huo miaka yote ya chuo.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa. Ila pindo langu usiliguse, na neno langu usiliguse."

Dada alifikiri kidogo, kisha akapiga makofi. "Tena vizuri zaidi! Tutalitangaza."

Walishikana mikono kama wafanyabiashara wa kweli. Shangazi akasema, "Haya, na mimi nitakata kwa mikono na miguu."

Jumatatu, 16 Februari

Mvua ya kwanza. Imenyesha dakika chache, ikaacha harufu nzuri.

Jumamosi, 21 Februari

Leo mji mzima umeisikia sauti yangu. Dada alinirekodi jana chumbani, blanketi likiwa limetundikwa dirishani ili kelele zisiingie: "Sare bora, bei ya kutupa! Ikifupika, irudi, tunashusha bure!" Tulirudia mara nyingi kwa sababu nilikuwa nacheka. Dada ananiita Kifungo tangu nilipomeza kifungo nikiwa mdogo, na leo alisema, "Kifungo, wewe ndiye utakayetutajirisha."

Gari lilipopita mbele ya nyumba yetu nilijificha nyuma ya mlango. Nilikuwa na aibu na nilitaka lipite tena.

Jumamosi, 28 Februari

Nguo zimekwisha sokoni kabla ya adhuhuri. Dada alirudi amelowa, viatu mkononi, anaimba. Mama alimfuta nywele kwa taulo kama mtoto.

Kitu kimoja tu kilinikaa vibaya. Asubuhi alikuja mke wa daktari wa meno, ambaye ametuletea watoto wake wote kuanzia wa kwanza. Alisimama mlangoni na mwavuli wake, hakuukunja.

"Fundi, nimesikia gari. Mwaka jana nililipa mara mbili ya hiyo bei. Ulikuwa unaniibia, au sasa unashona matambara?"

"Ni nguo ileile, mama. Kitambaa kilekile, mkono uleule."

"Kwa hiyo ulikuwa unaniibia."

Akaondoka bila kumpimisha mtoto. Mama alibaki ameshika futi ya kupimia, akaizungusha kidoleni, akaikunjua. Dada alisema, "Akiondoka mmoja wanakuja kumi." Ni kweli kwamba wamekuja.

Alhamisi, 5 Machi

Sasa wanarudi. Kibandani hakuna anayepima. Muuzaji anauliza mtoto ana miaka mingapi, anatoa saizi. Lakini watoto wa umri mmoja hawalingani. Kwa hiyo wazazi wanakuja dukani na nguo ndani ya mifuko, siku mbili baada ya kununua, na kila mmoja anasema, "Gari limesema irudi."

Zamani mtoto alirudi baada ya mwaka, mmoja leo, mwingine wiki ijayo. Leo foleni ilifika benki. Mlinzi wa benki alikuja kuuliza kama tunagawa kitu.

Mama alifumua na kushusha kutwa nzima. Washonaji nao walifumua na kushusha. Hakuna aliyeshona nguo mpya hata moja.

Jumatatu, 9 Machi

Shule imefunguliwa. Nimeingia kidato cha tatu. Mvua ilinyesha tangu alfajiri.

Kuna wasichana wanne wa darasa letu ambao wazazi wao waliagiza kwetu tangu Januari, kwa bei ya zamani, na wamekuja na sare za mwaka jana zikiwabana mabegani. Mama hajawahi kumchelewesha mtoto siku ya kwanza ya shule. Hajawahi kabisa. Wawili hawakunisalimia.

Tuna mwenzetu tunayemwita Kasuku kwa sababu anaigiza kila mtu. Mtu akipita na sketi fupi, Kasuku anaita kwa sauti yangu, "Ikifupika, irudiii!" Darasa zima linacheka. Nami nilicheka, kwa sababu kutocheka kungekuwa vibaya zaidi.

Alhamisi, 12 Machi

Mwalimu wa biashara ni mpya, mwanamume mrefu anayekohoa kabla ya kusema jambo muhimu. Aliandika ubaoni: bidhaa, bei, mahali pa kuuzia, matangazo. Akauliza, "Lipi lililo bora kuliko mengine?" Tukagombana. Kasuku alisema matangazo, akanitazama.

Mwalimu alikohoa. "Hakuna. Kila mmoja wenu anatazama kiungo kimoja kimoja. Bei ya chini ni nzuri. Kumpima kila mteja ni vizuri. Kuuza mahali pengi ni vizuri. Lakini ukiviweka pamoja vitatu hivyo, kimoja kinamkata mwenzake miguu. Kampuni inaweza kuchagua mambo mema matupu ikafa, kwa sababu hayakupatana yenyewe kwa yenyewe."

Sikuandika chochote. Niliinamia daftari kana kwamba ametaja nyumba yetu. Ametupa kazi ya nyumbani: tuichambue biashara moja tunayoijua.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua. Foleni.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Foleni. Mshonaji mmoja anaumwa mgongo. Dada amekuwa akishona vifungo, na hajui kushona vifungo.

Jumamosi, 21 Machi

Nitaandika yote kama yalivyokuwa, bila kumpendelea mtu.

Asubuhi Dada alibandika karatasi mlangoni: kushusha pindo sasa kunalipiwa, kiasi kidogo tu. Hakumwambia Mama. Alisema baadaye kwamba alitaka kumwambia ila Mama alikuwa ameshika sindano mdomoni. Foleni ilinung'unika lakini watu walilipa, na wengine walirudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza wiki hii nilisikia cherehani zikishona nguo mpya.

Saa nne hivi akaja mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni na kumshika mwingine mkono, wote wamelowa. Alilipa kwa sarafu. Mama akainua kichwa.

"Hizo ni za nini?"

"Za pindo, fundi. Si mmeandika?"

Mama alitoka nje akaisoma ile karatasi. Aliisoma muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwemo. Akaibandua, akarudi, akamrudishia yule mwanamke sarafu zake moja moja. Kisha akawaambia watu wote waliokuwa ndani, "Aliyelipa leo anyooshe mkono, nimrudishie. Binti yangu amekosea. Bado anajifunza."

Dada alikuwa amesimama nyuma ya meza. Watu wote walimgeukia. Kijana mmoja kwenye foleni akasema, "Chuo kizima hicho?" na watu wakacheka, si kwa ubaya, kama watu wanavyocheka wakiwa wamechoka.

Dada alingoja duka lifungwe. Kwa hilo nampa heshima.

"Umenivua nguo mbele za watu, Mama."

"Wewe umelivua neno langu kwanza."

"Neno lako linatuua! Kila pindo unaloshusha bure ni sketi ambayo haijashonwa. Huoni?"

"Naona. Neno hilo lilikuwa linanilisha kabla ya gari lako la makelele. Ndilo lililokusomesha."

"Ulinisomesha nije nipange foleni?"

Shangazi akasema, "Jamani, mtoto yupo," akimaanisha mimi. Mama alifagia nyuzi. Dada alifunga madirisha. Tulirudi nyumbani kwenye mvua, miavuli miwili, mimi na Shangazi chini ya mmoja, Mama chini ya mwingine. Dada alitangulia mbele bila mwavuli.

Jumanne, 24 Machi

Wanasalimiana. Basi.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua. Wanasalimiana.

Mpaka juzi nilikuwa upande wa Dada, kwa sababu ya wale wanaopita barabarani wakiogopa kuingia. Jana nilikuwa upande wa Mama. Leo nimemwona Dada anakula amesimama jikoni ili asikae meza moja na Mama, na nimemwona Mama akimwekea kipande kikubwa cha samaki kwenye sahani na kuifunika. Sina upande.

Jumatano, 1 Aprili

Nimerudishiwa kazi ya biashara. Niliandika kuhusu "duka moja la sare" bila kusema la nani. Nilisema duka hilo lina njia mbili, na zote mbili ni nzima. Ya kwanza: duka moja, kila mtoto anapimwa, bei ya juu, neno la bure, hakuna kelele. Ya pili: vibanda vingi, saizi tayari, bei ya chini, tangazo kubwa, na ukishanunua umenunua. Yoyote ingeweza kulisha familia. Lakini duka limechukua bei ya njia moja na ahadi ya njia nyingine, na sasa linalipia zote mbili.

Mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: "Vizuri sana. Kwa nini wenye duka hawachagui?"

Nimeiweka karatasi ndani ya daftari hili.

Jumamosi, 4 Aprili

Nilimpelekea Dada ile karatasi. Alikuwa stendi kibandani peke yake, turubai limejaa maji juu, anayasukuma kwa ufagio yamwagike. Aliisoma amesimama. Akaisoma tena akiwa amekaa kwenye ndoo.

"Umeandika vizuri, Kifungo. Hata mimi sikuandika hivi mwaka wa kwanza."

"Kwa hiyo tuchague, Dada. Ondoa pindo la bure, uendelee na vibanda."

"Najua. Nimelijua tangu wiki ya pili." Alikunja karatasi, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo. "Lakini nikiondoa pindo la bure nimebakiza nini cha Mama kwenye duka lile? Kibao? Hata nilipobandika ile karatasi mlangoni, mkono ulikuwa mzito. Siwezi kumfukuza mama yangu dukani kwake kwa sababu kitabu kimesema."

"Basi mwambie hivyo."

"Ili anionee huruma? Usimpelekee maneno haya. Ahidi."

Niliahidi. Nyumbani tumefunzwa kwamba mtoto habebi maneno ya wakubwa kutoka chumba hiki kwenda kile.

Jumamosi, 11 Aprili

Mkuu wa shule ya bweni amepeleka oda yake kwingine. Ilikuwa kubwa kuliko zote, na Mama ameishona tangu kabla sijazaliwa. Alikuja mwenyewe kusema, na alisema kwa adabu: "Wasichana wangu wamekaa wiki tano bila sketi, fundi. Sikulitegemea hilo kutoka kwako." Mama alimsindikiza mpaka kwenye gari.

Jioni tulikuwa wawili tu dukani. Nilimuuliza Mama kwa nini asirudishe bei ya zamani, afunge vibanda, awaite wateja wake wa zamani.

Alikuwa anafumua. Hakuacha kufumua.

"Unadhani sijafikiria? Hata leo asubuhi nimefikiria. Lakini nikifunga vibanda, dada yako atafanya nini hapa? Atafagia? Nikirudisha bei yangu ya zamani namrudisha na yeye alikotoka. Afadhali duka liyumbe naye akiwemo."

"Yeye anajua hivyo, Mama?"

"Hayo ni yangu na wewe. Akijua ataondoka kesho kwa kiburi, wewe humjui?"

Na yeye nilimwahidi. Kwa hiyo sasa nina maneno ya wote wawili, na nimeahidi kote kuwili.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua. Sikusikia somo lolote.

Jumamosi, 25 Aprili

Washonaji wote wawili wameondoka. Yule wa mgongo alilia, akamwambia Mama, "Fundi, si kwa hasira." Kibanda cha stendi kimebomolewa na upepo, na hakuna aliyekwenda kukisimamisha.

Nilijaribu kumuuliza Shangazi, kwa kuzunguka, kama kuna wakati ambapo kubeba maneno si kosa. Alinitazama sana. "Inategemea unayabeba kwenda kubomoa au kujenga," alisema. Halafu akaniambia nikamletee chaki, na nilipoileta mteja alikuwa ameingia. Ningemrudia. Sikumrudia.

Jumamosi, 2 Mei

Tumehama dukani. Kodi imetushinda. Cherehani mbili zimekuja nyumbani sebuleni, nyingine zimeuzwa. Aliyechukua duka atauza simu; mafundi wake walianza kupaka rangi sisi tukiwa bado tunatoa vitu, wakatuomba radhi kwa matone.

Dada na Mama walibeba meza ya kukatia, mmoja mbele, mmoja nyuma. "Inua kidogo." "Polepole, kuna ngazi." Ndiyo maneno marefu kuliko yote waliyosemeshana tangu ile siku.

Jumatano, 6 Mei

Dada amepata kazi kwenye kampuni inayouza sabuni, mji ambao ni siku nzima kwa basi. Alitangaza mezani. Mama akasema, "Hongera, mwanangu." Shangazi akasema, "Sabuni haifupiki, angalau." Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Nilikusudia kusema pale pale. Niliweka kijiko chini. Lakini Dada alikuwa ananitazama, anatikisa kichwa kidogo sana, na nikakichukua tena.

Jumamosi, 9 Mei

Dada ameondoka. Waliagana kama mwenyeji na mgeni aliyekaa vizuri. Mama alimfungia chakula cha njiani. Dada alisema asante kwa yote. Basi lilipotoka Mama alipunga mkono hata baada ya basi kukata kona.

Jumapili, 10 Mei

Kitanda chake kimetandikwa.

Jumatano, 13 Mei

Mvua inapungua. Kasuku amenifuata wakati wa mapumziko, nikajiandaa kusikia sauti yangu. Badala yake aliuliza, "Ni kweli duka limefungwa?" Nikasema ni kweli. Akakaa karibu yangu mpaka kengele, bila kumwigiza mtu.

Jumapili, 17 Mei

Leo nimesema.

Sikupanga. Mama alikuwa kwenye cherehani sebuleni, anashona sare ya mtoto wa jirani, na bila kugeuka aliita jina la Dada amletee uzi. Kisha akakumbuka. Akanyanyuka kuuchukua mwenyewe. Nikamwambia yote: stendi, ndoo, turubai, na kwamba Dada alijua tangu wiki ya pili, na kwa nini hakuondoa pindo.

Mama alikaa. Hakunigombeza kwa kuvunja ahadi. Aliuliza tu, "Alisema hivyo? 'Kumfukuza mama yangu'?"

"Ndiyo, Mama."

Alinyoosha mkono, nikampa simu, naye akampigia Dada. Huwa anabonyeza spika bila kujua na hajui kuizima, kwa hiyo nilisikia pande zote mbili.

"Umekula?"

"Nimekula, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Huko kunanyesha?"

"Hapana. Huku kumekauka kabisa."

"Mdogo wako ameniambia. Ya stendi."

Mama aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Ungeniambia, mwanangu."

"Na wewe ungeniambia. Kama ulitaka bei yako, ungesema."

"Ningesema nini? Ungeondoka."

"Nimeondoka hata hivyo, Mama."

"Ndiyo," Mama alisema. "Umeondoka."

Nilisubiri mmoja wao akate. Mama aliishika simu kwa mikono miwili mapajani, na Dada alikuwa anapumua kule ndani, na hakuna aliyekata. Nilitoka nikakaa barazani, nikaurudisha mlango taratibu nyuma yangu.